Huyu si wa Kukaa Nyumbani

Soma hii mpaka mwisho kabla kidole hakijapita.

Kuna neno moja nililisikia Oldonyiro na mpaka leo halijanitoka kichwani. Tulikuwa tumeenda siku ya soko la mifugo kuongea na vijana kuhusu vitambulisho. Unajua siku ya soko, kila mtu yuko: mwenye mbuzi, mwenye lori, mwenye chai, mwenye maneno. Akaja mama mmoja Msamburu na watoto watatu. Nikauliza majina, wawili wakubwa wakajibu wenyewe. Nikamgeukia wa tatu, kijana wa kama miaka sita hivi. Akanitazama, akatabasamu, kimya. Mama akasema haraka, kama mtu anayeomba radhi:

"Huyu wachana naye. Huyu ni wa kukaa nyumbani."

Kabla sijasema kitu, mtoto akamvuta mamake shuka, akaelekeza kidevu kwa mbuzi mmoja mweupe, akatoa sauti fulani. Mama akacheka. Akaniambia, "Anasema huyo mbuzi anafanana na wetu aliyekufa."

Umeskia? Anasema. Mama mwenyewe ametumia neno hilo. Mtoto aliyekumbuka mbuzi aliyekufa, akamlinganisha na mbuzi wa soko, akataka mamake ajue, ndiye tunayeambiwa hana la kusema. Ana la kusema sana. Shida ni kwamba duniani kote kuna mtu mmoja tu anayemwelewa, na siku mama huyo hatakuwepo, hatakuwepo wa kumwelewa.

Nikamuuliza mama wamepitia wapi. Akanihesabia. Kwenye zahanati moja aliambiwa, "Ngoja tu, wavulana huchelewa." Akangoja. Mtu akamshauri kile kiuzi cha chini ya ulimi kikatwe ndio maneno yatoke. Kikakatwa, mtoto akavuja damu, maneno hayakutoka. Shule moja ikamwambia amlete akishajua kuongea. Nikauliza, "Mama, kuna mtu yeyote ameshampima masikio?" Akashangaa na swali. Miaka sita, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama mtoto anasikia.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokasirika, na ndiyo maana naandika.

Wengi wetu tukisikia "tiba ya usemi" tunadhani ni mambo ya matajiri wa Nairobi, mtoto anafundishwa kutamka Kiingereza kwa pua. Hapana. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha anaanza na maswali ya kawaida kabisa. Mtoto anasikia? Maana mtoto ambaye masikio yake yanatoka usaha kila wakati anaweza kuonekana mzito wa akili, kumbe maneno hayamfikii. Anaelewa anachoambiwa? Anacheza vipi na wenzake? Akitaka maji anaomba vipi? Kisha mtaalamu anakaa na mama, baba, nyanya, dada mkubwa, anawaonyesha jinsi ya kutaja kitu wakati mtoto anakitazama, jinsi ya kunyamaza kidogo ili mtoto apate nafasi ya kujibu, jinsi ya kutumia ishara na picha pamoja na maneno. Na usiogope ishara. Hazimfanyi mtoto awe mvivu wa kuongea. Zinampa njia ya kusema huku maneno yakitafutwa.

Tena kazi hiyo haiishi kwenye maneno. Ulimi, midomo na koo zinazotumika kusema ndizo hizo hizo za kutafuna na kumeza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kupaliwa kila akilishwa, chakula kikaingia mapafuni, akapata nimonia. Mtaalamu humwonyesha mama namna ya kumketisha, chakula kiwe laini kiasi gani, ampe kwa kasi gani. Sasa kumbuka ule ukame ambapo mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022. Chakula cha msaada kilipokuja kikiwa mahindi na maharagwe makavu, mtoto asiyeweza kutafuna alikula nini? Kwa hiyo mtu akikuambia tiba ya usemi ni anasa, mwambie kuna watoto ambao kwao ni suala la kupumua.

Na tuache hii hadithi ya laana. Mtoto hukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mtoto hupata manjano makali siku za kwanza na yasitibiwe. Homa ya uti wa mgongo huacha alama. Kule Kilifi, watafiti waliwapima watoto waliokuwa wamepona malaria kali. Katika matokeo waliyochapisha 2005, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu wa aina fulani, na lugha ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Wengine wamezaliwa na usonji. Wengine wana hali ambayo hakuna aliyejua chanzo chake. Hakuna hata mmoja hapo ambaye mamake alikanyaga kitu au babake alimkosea mzee fulani. Ukirudia maneno hayo kwenye baraza, unamwongezea mama mzigo na unampa afisa wa serikali sababu ya kulala. Kama ni laana, yeye afanye nini?

Ila si laana. Ni huduma iliyokosekana, na huduma iliyokosekana ina mwenyewe wa kuulizwa.

Tuje kwa sheria sasa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hatujafika. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya afya. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake, kufikia shule, na kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Hata Kifungu cha 7, kile cha Kiswahili na Kiingereza ambacho tunakijua sote, kinaitaka serikali iendeleze njia za mawasiliano zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Na Jedwali la Nne la Katiba limeweka hospitali za kaunti, zahanati na shule za chekechea mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ukitumwa Nairobi kutafuta jibu la swali la zahanati, umezungushwa.

Hakuna mahali Katiba imesema "mlete akishajua kuongea."

Utaniuliza, wewe mwanaharakati wa haki za Waislamu, unaingiaje hapa? Swali zuri. Wacha nijibu.

Wewe kijana wa Isiolo unajua msasa. Umekaa mbele ya kamati ukaulizwa jina la babu wa babu yako, ukaulizwa chifu wa zamani, ukaulizwa tena swali lile lile kwa namna nyingine, huku wenzako wa kaunti nyingine wanachukua kitambulisho kama wanaochukua gazeti. Tulipiga kelele miaka mingi mpaka Februari 2025 Rais akatangaza kule Wajir kwamba msasa huo wa ziada umeisha. Tulijua kwa nini unauma. Ulitufanya tuthibitishe kwa mdomo kwamba sisi ni wa hapa.

Sasa mfikirie mtu ambaye hana huo mdomo. Anathibitisha vipi? Akiibiwa ataripoti vipi? Akiguswa vibaya na mtu mzima, atamwambia nani, na polisi wataandika nini? Wanaowadhulumu watoto wanajua kabisa kuchagua, na wanamchagua asiyeweza kusema. Sisi tunaosema kila siku kwamba tumenyamazishwa, hapa kuna watu wetu walionyamazishwa kwa maana halisi ya neno, na hatujawahi kuwaandalia hata mkutano mmoja.

Na najua kuna mwingine ananong'ona, "Lakini Oldonyiro wengi ni Wasamburu na Waturkana, si Waislamu." Ndiyo. Kwani? Haki tunayodai ni ya uraia, na uraia hauna msikiti wala kanisa. Kaunti hii ina wadi kumi. Tukijifunza kudai kwa ajili ya Bulla Pesa na Garba Tulla peke yake, tutakuwa tunafanya kile kile tulichofanyiwa na Nairobi: kuhesabu nani ni wetu kwanza, halafu kuamua kama anaumia.

Na nyumbani kwetu je? Tusijifanye wasafi. Ni madrasa ngapi zimemrudisha mtoto kwa sababu hawezi kusoma kwa sauti na wenzake? Ni mara ngapi tumecheka mtoto anayegugumia, tukamwita bubu au zezeta, kisha tukaenda kuswali? Nabii Musa (A.S.) aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na akaomba nduguye Harun, aliyekuwa na ufasaha zaidi yake, awe msaidizi wake. Akapewa. Hakuambiwa akae nyumbani mpaka aongee vizuri. Alitumwa kwa Firauni. Ustadh anayemfukuza mtoto kwa sababu ya ulimi wake anafundisha kisa hicho vipi?

Sasa visingizio. Navijua vyote, maana nimevisikia ofisini na barazani.

Cha kwanza: "Hakuna pesa, maji kwanza." Maji kwanza, sawa, hakuna anayepinga. Lakini hatuombi hospitali mpya. Tunaomba afisa aajiriwe, apewe ratiba, apewe usafiri. Mheshimiwa akitaka kuzindua kitu, mafuta ya msafara yanapatikana.

Cha pili: "Oldonyiro ni mbali." Kweli, njia ya Kipsing ikinyeshewa laga zinajaa na gari halipiti. Lakini siku ya soko nimeona malori ya kununua mbuzi yakiwa yamepangana pale. Wanunuzi wametoka mbali kuliko Isiolo mjini. Daktari wa mifugo anafika, chanjo ya mbuzi inafika. Kama lori la mbuzi linafika, mtaalamu wa mtoto anafika. Aje siku hiyo hiyo ya soko, wakati mama ameshatoka nyumbani, asilazimike kuuza mbuzi mmoja kwa nauli ya kumpeleka mtoto mjini kuambiwa arudi wiki ijayo.

Cha tatu: "Wataalamu hawapo." Hiki kina ukweli. Wataalamu wa tiba ya usemi Kenya ni wachache sana, na wengi wako Nairobi. Lakini jibu la uchache ni kusomesha. Chuo Kikuu cha Makerere, hapo Kampala, kilianza shahada ya fani hii mwaka 2008. Pesa za basari za kaunti hutoka kila mwaka na tunazigawa kama peremende, kidogo kidogo kwa kila mtu. Wadi ikiwalipia vijana wawili fani hii kikamilifu kwa masharti ya kurudi kuhudumu, baada ya miaka michache tuna watu wetu. Na wawe watu wetu kweli, maana mtoto hufundishwa kusema kwa lugha ya mamake. Mtaalamu asiyejua Kisamburu, Kiturkana, Kiborana wala Kisomali atampima mtoto kwa lugha ambayo mtoto hajawahi kuiskia nyumbani, kisha aandike kwamba mtoto haelewi.

Na tukiwa tunangoja wasomi hao, hatuketi. Kilifi huko huko, katika kazi iliyochapishwa 2014, watafiti waliwatembelea walezi wachache nyumbani kwao, wakawafundisha kutumia ishara, picha na vitu vya kawaida vya nyumbani kuwasiliana na watoto wasioweza kuongea. Walezi wenyewe waliona tofauti. Hakukuwa na jengo la vioo wala mashine kubwa. Mtu alifundishwa, akatembelea nyumba.

Sisi watu hao tunao. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, na wanaingia mpaka manyatani. Wanampima mtoto mkono kwa utepe kuona kama ana utapiamlo. Vizuri sana. Nani anampima maneno? Kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina sehemu ya hatua za ukuaji, lini mtoto anatabasamu, lini anakaa, lini anatamka. Kifungue cha mdogo wako leo uone kama kuna mtu ameshawahi kukijaza hapo. Mtoto hupelekwa kuchanjwa surua akiwa na miezi 9, kisha tena miezi 18. Tayari yuko mikononi mwa nesi. Inachukua dakika ngapi kumuuliza mama: Anageuka ukimwita jina? Anaonyesha kitu anachotaka? Ana maneno yoyote? Na akifika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, asiambiwe angoje. Aandikiwe barua ya kwenda kupimwa masikio na kufanyiwa tathmini. Vituo vya tathmini ya elimu, vile vinavyoitwa EARC, vimekuwa nchini tangu 1984. Ni vya umma. Uliza cha karibu nawe kinafungua siku gani.

Basi kazi yenu ni hii. Sitaki kopa wala "Maa shaa Allah" kwenye maoni, nataka mtu anyanyuke.

Kwanza, barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiuliza ofisi yoyote ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Uliza kaunti mambo manne tu: imeajiri wataalamu wangapi wa tiba ya usemi na lugha, mara ngapi kwa mwaka wanafika kila wadi, Oldonyiro ikiwemo, masikio ya watoto yanapimwa wapi, na bajeti ya mwaka huu imetenga shilingi ngapi kwa kazi hiyo. Sheria hiyo hiyo inasema asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu, afisa ndiye anapaswa kumwandikia ombi lake. Kwa hiyo nendeni na mama mwenyewe. Akae kwenye kiti, aseme, afisa aandike. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ni bure.

Pili, bajeti. Tunapenda kulia Julai wakati pesa zimeshagawanywa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Taarifa ya sera ya fedha, kabla ya Februari 28. Makadirio ya bajeti, kabla ya Aprili 30. Kufikia Juni 30 mlango umefungwa. Ziandike tarehe hizo kwenye simu yako. Kikao cha maoni ya umma kikiitwa, msiende na kilio cha jumla. Nendeni na sentensi moja: afisa mmoja, gari, siku ya soko. Kisha mkae mpaka muione ikiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Tatu, nyumbani. Kila mmoja wenu anamjua mtoto mmoja anayefichwa nyuma ya nyumba wageni wakija. Usimwonee huruma kutoka mbali. Nenda, keti chini naye, uone anasema vipi. Muulize mamake, "Anakuambia nini?" Utashangaa. Kisha msaidie mama kumsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ukae naye foleni siku hiyo.

Yule mama wa Oldonyiro tuliachana jioni, malori yakipakia. Nilimwelekeza pa kuanzia, masikio kwanza. Aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Nikienda, nitamkuta mtu?"

Hilo ndilo swali ninalowaachia. Mama yuko tayari kwenda. Mtoto yuko tayari kusema, alikuwa anasema pale pale mbele yetu. Aliyebaki ni yule anayelipwa na kodi yetu ili awe upande wa pili wa meza. Tukihakikishe kiti hicho kina mtu, na tusimruhusu mtu yeyote tena, kwenye ofisi, kwenye darasa wala kwenye madrasa, kumwambia mama kwamba mtoto wake ni wa kukaa nyumbani.

Ukishasoma, usisambaze tu. Andika kwenye maoni jina la wadi yako na tarehe utakayopeleka barua. Tutakuuliza.